Hofu Yenye Kipimo: Kazi na Akili ya Mtelezaji wa Mteremko

Mwezi Januari 2013, katika mbio za Lauberhorn huko Wengen, Uswisi, Mfaransa Johan Clarey alipita mbele ya kipima kasi akiwa juu ya skii zake, vile vibao virefu vya kutelezea theluji, kwa mwendo wa kilomita 161.9 kwa saa, kasi ambayo hakuna mtelezaji yeyote aliyekuwa amewahi kupimwa nayo katika mbio za mteremko za Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mashindano ya msimu mzima. Siku hiyo hakushinda. Aliendelea kushindana kwa miaka kumi zaidi, akastaafu mwaka 2023, na katika muda huo wote hakuwahi kushinda hata shindano moja la Kombe la Dunia. Anayeutazama mchezo huu kwenye televisheni akiamini kwamba mshindi ni yule aliye tayari kujirusha bila kujali kitakachompata anapaswa kuitafakari habari hiyo kidogo. Kama kuikimbilia kasi kungetosha, Clarey angekuwa na makombe ya kujaza kabati.

Mbio za mteremko ndizo zenye kasi kubwa kuliko zote katika skii za milimani. Slalomu humtaka mshindani apinde upesi upesi kati ya vijiti vilivyokaribiana, kisha muda wa raundi mbili hujumlishwa. Mteremko una milango michache, yaani alama za kupita kati yake, iliyoachana mbali, na kila mmoja hushuka mara moja tu, kwa hiyo hakuna raundi ya pili ya kufidia kosa. Katika mashindano makubwa ya wanaume, tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho wa njia huwa kati ya takriban mita 800 na 1,100. Njia ya Lauberhorn, ndefu kuliko zote katika ratiba ya Kombe la Dunia, inakaribia kilomita 4.5 na humalizwa kwa takriban dakika mbili na nusu. Njia ya Streif, iliyoko Kitzbühel nchini Austria, ina kilomita 3.3, na rekodi yake ya dakika 1 na sekunde 51.58 iliwekwa na Fritz Strobl mwaka 1997.

Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, mtelezaji husafiri zaidi ya mita 33 katika kila sekunde, na hivyo sehemu moja ya mia ya sekunde ni sawa na sentimita 33, urefu unaoizidi kidogo rula ya mwanafunzi. Mtu hufanya mazoezi miaka kumi na mitano, kisha hukumu ya kazi yake inatolewa kwa urefu wa rula. Na wakati mwingine hata rula haipo: katika Olimpiki ya Sochi ya mwaka 2014, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi walimaliza kwa muda uleule, dakika 1 na sekunde 41.57, wote wawili wakavishwa dhahabu.

Muda huo hupotea wapi? Mvutano wa dunia ndio injini, na hauna upendeleo, kwa hiyo kazi ya mtelezaji si kutengeneza kasi bali kutoipoteza ile anayopewa bure na mlima. Wapo maadui wawili, hewa na msuguano. Hewa hukabiliwa kwa mkao: magoti yaliyokunjwa, kifua juu ya mapaja, mgongo uliolala sambamba na theluji, ngumi mbele ya uso. Mkao huo, ambao Wafaransa waliuita yai, unahusishwa na Jean Vuarnet, aliyeshinda dhahabu ya mteremko katika Olimpiki ya Squaw Valley mwaka 1960 akiwa na skii za chuma wakati wengi bado wakitumia za mbao. Ni mkao unaounguza mapaja baada ya sekunde chache tu, na huyu anatakiwa kuurudia kwa dakika mbili juu ya barafu yenye matuta.

Msuguano una hila zaidi. Skii inayokimbia juu ya makali yake huchora mstari mwembamba na kupoteza kasi kidogo sana, lakini skii inayokwaruza theluji kwa ubavu ni breki. Anayeingia kwenye kona kwa kasi inayozidi uwezo wa mstari wake, yaani njia aliyochagua kupita, hulazimika kukwaruza ili asitupwe kwenye nyavu, na kasi anayoipoteza pale huendelea kumdai katika tambarare yote inayofuata. Yule aliyejizuia kidogo juu, akainuka kutoka kwenye mkao wa yai kwa nukta moja, akaipanga kona vizuri na kutoka nayo akiwa safi, ndiye atakayempita kule chini. Ndiyo maana kasi kubwa iliyopimwa mahali pamoja haisemi mengi kuhusu nani atashinda. Hata miruko inayotushangaza ni hasara, kwa kuwa aliyerushwa mbali angani amefunuka mbele ya upepo na hana namna ya kujiongoza. Walio bora hukunja magoti sawasawa na ukingo wa tuta ili waruke kidogo iwezekanavyo. Mtazamaji hupiga makofi kwa mruko mrefu, kocha wake anasikitika.

Hesabu zote hizi hufanywa kabla ya siku ya shindano, kwa sababu njiani hakuna nafasi ya kufikiri. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, hulazimisha mazoezi rasmi juu ya njia yenyewe kabla ya mbio za mteremko, jambo ambalo slalomu haina. Jioni timu hukaa mbele ya video, wakilinganisha miguu ya huyu na ya yule katika kona ileile. Kisha asubuhi ya shindano hufuata ukaguzi, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi hii inapoonekana wazi kuliko hata katika mbio zenyewe. Mtelezaji hushuka polepole kwa ubavu, skii zikikwangua barafu, kisha husimama juu ya ukingo wa tuta fulani. Hutazama chini, hugeuka kutazama alikotoka, hutafuta alama ya kudumu iliyo ng'ambo ya tuta, pengine mti, pengine nguzo ya uzio au paa la kibanda. Hufumba macho. Mkono uliovaa glovu huanza kuchora hewani: kushoto, muda mrefu, kulia, ruka, kushoto tena. Anapofumbua, hushuka mita chache na kuanza upya.

Sababu yake ni rahisi na ya kutisha. Njia hizi zina kingo ambazo mtelezaji huruka kabla ya kuona atakapotua, na kwa kasi ile, akisubiri hadi aone, atakuwa amechelewa. Ni lazima aelekeze mwili wake kwenye ule mti kwa kumbukumbu tu, akiamini kwamba lango liko pale alipoliacha asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kuanza utawaona wamesimama nyuma ya kibanda, macho yamefumbwa, viwiliwili vinayumba taratibu kama watu wanaosikiliza muziki ambao hatuusikii, kila mmoja akiishuka njia yote kichwani kona kwa kona.

Ndani ya kibanda cha kuanzia hakuna shamrashamra. Fundi wa skii amepiga goti, anasugua chini ya buti hadi chembe ya mwisho ya theluji itoke, kwa kuwa hata theluji kidogo kati ya buti na kifungo inaweza kuiachia skii katikati ya kona. Buti zenyewe zilikuwa zimelegezwa hadi dakika hiyo, maana hubana kiasi kwamba hakuna anayeweza kuzivumilia kwa muda mrefu. Sasa zinafungwa moja moja. Mtu mwingine anayapigapiga mapaja yaamke. Redio ya kocha aliyeko njiani inaeleza kwa maneno machache kwamba upepo umebadilika kwenye mruko wa pili, au kwamba waliotangulia wanapita juu mno kwenye kona fulani. Kisha fimbo zinapita juu ya kijiti cha kuanzia, mlio wa kuhesabu unaanza, na kanuni inampa nafasi ya sekunde tano kabla na tano baada ya muda wake rasmi kuondoka. Huko Kitzbühel, sekunde chache baada ya kibanda, ardhi hudondoka kwa mwinuko wa asilimia 85 mahali panapoitwa Mausefalle, yaani mtego wa panya. Anafika hapo akiwa ameshapita kilomita 100 kwa saa, na bado ana karibu dakika mbili mbele yake.

Kuna hali ngumu zaidi ya hiyo, nayo ni kuambiwa subiri. Aliyetangulia ameanguka, mbio zimesimamishwa, helikopta inasikika ikipanda bonde. Anayefuata anavishwa tena koti, buti zinalegezwa, anageuziwa mgongo skrini ili asione marudio, na kwa robo saa au zaidi anakaa na mlio wa ile helikopta masikioni. Halafu anaitwa, na anatakiwa kushuka kupitia palepale mwenzake alipolala, bila kupunguza chochote.

Kiswahili hutenganisha woga na hofu kwa namna inayofaa hapa. Woga ni tabia ya mtu. Hofu humjia yeyote, hata jasiri, pale kitu cha kuogopesha kinapokuwa mbele yake. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mtelezaji wa mteremko analazimika kujenga nyumba yake mahali fulani kati ya majirani hao wawili. Dhana kwamba hana hofu ni ya watu wa mbali. Asiye na hofu kabisa hadumu misimu mitatu katika kazi hii, kwa sababu hofu ndiyo inayomwambia kwamba barafu ya leo si ya jana.

Kinachomtofautisha ni namna anavyoihoji. Hofu yenye anwani, ile inayotokea kila anapofikiria ukingo fulani au kona fulani, ni taarifa: anaweza kuipelekea mstari mwingine, anaweza kumuuliza mwenzake aliyepita, anaweza kuamua kwamba hapo, na hapo tu, atatoa sehemu ya kumi ya sekunde kama sadaka. Hofu isiyo na anwani, inayosambaa mwilini kutokana na usingizi mbaya, homa au goti linalouma, haina mstari wa kuitibu, na mara nyingine jibu lake la busara ni kuvua namba ya kifuani na kutoshuka. Uamuzi huo hauonyeshwi sana kwenye televisheni, lakini nauhesabu kuwa sehemu ya ufundi wa kazi hii.

Pia ujasiri katika mchezo huu ni jambo la kimwili. Mwili ulioogopa hurudi nyuma, hukaa kuelekea mlimani, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lakini skii huongozwa kwa uzito ulioko mbele. Mtelezaji akirudi nyuma, ncha zake huwa nyepesi, hazishiki barafu, na anapoteza usukani sekunde ileile anapouhitaji. Kwa maneno mengine, hofu iliyofika miguuni ndiyo inayoleta ajali iliyokuwa ikiogopwa. Ndipo unapoelewa kwa nini makocha wanasisitiza kifua kielekee bondeni hata pale kila neva inapokataa: ni agizo la usalama kama lilivyo agizo la kasi.

Usalama wenyewe, hata hivyo, haujawahi kuwa kamili. Ulrike Maier wa Austria alifariki baada ya kuanguka katika mbio za Garmisch-Partenkirchen mwezi Januari 1994. Gernot Reinstadler alifariki mwaka 1991 kwa ajali ya karibu na mwisho wa njia ya Wengen, na mwaka 2017 Mfaransa David Poisson alifariki mazoezini nchini Kanada, mbali na kamera. Mwisho wa Lauberhorn una sifa mbaya kwa sababu inayoeleweka: baada ya zaidi ya dakika mbili mapaja hayatii amri, na kona za mwisho hazijali hilo. Ni katika eneo hilo la mwisho ambapo Aleksander Aamodt Kilde wa Norwei alitupwa kwenye nyavu mwezi Januari 2024, akaumia bega na kukatwa vibaya mguuni, asishindane tena kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Cyprien Sarrazin, aliyekuwa ameshinda mara mbili Kitzbühel majira yaleyale ya baridi Kilde alipoumia, alianguka mazoezini Bormio nchini Italia na kufanyiwa upasuaji kwa damu iliyovuja ndani ya fuvu.

Mchezo huu hupenda kusimulia hadithi za waliorudi. Hermann Maier aliruka angani kama gunia kwenye mteremko wa Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akavunja nyavu, akainuka, na siku tatu baadaye akashinda dhahabu ya super-G, mbio za kasi zenye kona nyingi kuliko mteremko, kisha nyingine ya slalomu kubwa. Aksel Lund Svindal alivunjika mifupa ya uso na kukatwa vibaya mazoezini Beaver Creek, Marekani, mwezi Novemba 2007. Mwaka uliofuata alirudi palepale na kushinda mteremko pamoja na super-G. Lindsey Vonn alistaafu mwaka 2019 magoti yakiwa yamechoka, akawekewa sehemu ya goti bandia, na mwezi Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 40, akashika nafasi ya pili katika super-G ya Kombe la Dunia huko Sun Valley. Hadithi hizi ni za kweli na zinastahili kusimuliwa. Lakini tunazijua kwa sababu wahusika waliinuka. Wale ambao kano za magoti yao zilikatika mara ya tatu wakiwa na miaka ishirini na miwili, wakaondoka kimyakimya, hawana mtu wa kuwahadithia, na wao ndio wengi.

Hatua za kuwalinda zimekuwa zikisogea, mara nyingi kwa kuvutana na tamaa ya kasi. Mavazi ya mbio lazima yapitishe angalau lita 30 za hewa kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa kuwa kitambaa kisichopitisha hewa huongeza mwendo, na mvaaji akianguka huteleza juu ya barafu kama sabuni. Tangu msimu wa 2024/25, mfuko wa hewa unaovaliwa chini ya vazi na kufunguka wenyewe pale vihisi vinapotambua kwamba mtu anaanguka umefanywa wa lazima katika mbio za kasi, ingawa baadhi ya watelezaji walilalamika kwamba unawabana na kuharibu umbo lao mbele ya upepo. Lawama hizo zinashangaza hadi mtu akumbuke ile rula.

Nje ya dakika hizo mbili, maisha yenyewe ni ya kubeba mizigo na kusubiri. Kiangazi ni cha vyuma vya mazoezi na baiskeli, kisha safari za kuifuata theluji kwenye barafu za Zermatt au kusini mwa dunia, Chile na Ajentina. Msimu hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba, mbio za kasi hupita Beaver Creek, Val Gardena na Bormio, hufika kileleni Januari kwa Wengen na Kitzbühel, na kufungwa Machi. Siku nyingi katikati ya hapo huishia kwenye ukungu: watelezaji wanaamka gizani, wanapanda mlima, wanasubiri, mbio zinaahirishwa, wanashuka.

Uhusiano wa karibu kuliko wote huwa ni kati ya mtelezaji na fundi wake, ambaye hukesha akinoa makali na kuchagua nta ya kupaka chini ya skii inayolingana na chembe za theluji za kesho. Skii za mteremko za wanaume hazipaswi kupungua sentimita 218, na jozi mbili zinazofanana kwa kila kipimo zinaweza kutofautiana mwendo kwa sababu ambazo fundi mwenyewe hawezi kuzieleza. Anajua tu kwamba jozi namba saba inakimbia kwenye baridi kavu. Tangu msimu wa 2023/24 nta zenye florini zimepigwa marufuku na FIS, na mafundi wakalazimika kuanza upya elimu waliyoijenga kwa miongo.

Kipato hutegemea matokeo kwa ukatili kidogo. Mshindi hupata pointi 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa thelathini pointi moja, na wa thelathini na moja hana kitu. Wa juu huishi vizuri kwa fedha za watengeneza skii na nembo iliyo kwenye kofia yao ngumu, ndiyo maana mtu hawezi hata kupumua baada ya mstari wa mwisho kabla ya kuvua skii moja na kuisimamisha kando ya uso wake ili kamera isome jina. Wa chini, katika mataifa kadhaa, huchangia gharama zao wenyewe.

Ajabu ni kwamba kazi inayoutesa mwili kiasi hiki huwapendelea wenye umri. Njia hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na aliyeshuka Streif mara kumi na tano ana kumbukumbu ambayo kijana mwenye mapaja bora hawezi kuinunua. Didier Cuche wa Uswisi alishinda mteremko wa Kitzbühel mara tano, mara ya kwanza mwaka 1998, na nne kati ya hizo akiwa ameshavuka miaka thelathini. Clarey, yule wa kilomita 161.9, alipata fedha ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 41, nyuma ya Beat Feuz kwa sehemu kumi za mia ya sekunde.

Svindal alishinda dhahabu ya mteremko huko Pyeongchang mwaka 2018, miaka 35, akimwacha Mnorwei mwenzake Kjetil Jansrud kwa sekunde 0.12. Goti lilikuwa halimruhusu tena kufanya mazoezi kama zamani, naye akatangaza kwamba mashindano ya ubingwa wa dunia ya Åre, Swideni, mwezi Februari 2019, yangekuwa ya mwisho kwake. Siku ya mteremko theluji ilikuwa ikianguka, mwanga hafifu, mahali pa kuanzia pakashushwa chini. Jansrud alishinda. Svindal akawa wa pili kwa sekunde 0.02, yaani chini ya mita moja, akavua skii, akaisimamisha mbele ya kamera kama kawaida.